Mwaka wa Jani la Sale

Simu ilinikuta nyumbani kwangu Olasiti nikichambua mchicha, na aliyepiga hakuwa Anasia. Alikuwa kijana wa kanisani kwao, mwenye sauti ya upole. "Shikamoo mama. Mama Anasia ametutoka. Mazishi ni Jumamosi." Nikasema marahaba, nikasema poleni sana, nikaweka simu chini na kuendelea na mchicha wangu, mpaka nikagundua kwamba ninatupa majani na kubakiza mashina. Hapo nikalia, tena kwa sauti, mjukuu wangu akaja mbio kuuliza kama nimejikata. Nilipomaliza kulia nikashikwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha: Anasia mwenyewe hakunipigia. Ni miaka mingi sasa mimi na Anasia hatusemeshani. Watu walimpelekea maneno kwamba nilijigamba mbele ya wageni, eti njia ya maporomoko ya Nkoasenda niliifungua mimi peke yangu, na mama yake nikamtaja kama mpishi tu. Sikusema hivyo. Sijawahi kusema hivyo hata kwa utani, na mimi utani ninao. Yeye akangoja niende nikajieleze, mimi nikangoja aje aniulize, na njia kati yetu ikaota nyasi. Sasa ilinibidi nipande mlimani kumzika mwanamke aliyenilea mwaka mmoja tu, nikae chini ya turubai moja na binti yake, na sikujua nitamwambia nini.

Nkoasenda ni kitongoji kidogo juu ya Tengeru, mahali ambapo Mlima Meru unakuwa ukuta na si picha tena. Juu migomba, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi, na katikati ya vyote mfereji wa maji uliochimbwa na mababu ambao hakuna aliyekumbuka majina yao yote. Nilipelekwa huko nilipomaliza kidato cha sita. Nilikuwa naishi mjini, Kaloleni, kwa shangazi yangu, kwa nini niliishi kwa shangazi si kisa cha leo, na shangazi alikuwa fundi cherehani aliyeamini kwamba kila msichana duniani alizaliwa ili ashone. Mwalimu wangu wa zamani, mzaliwa wa Nkoasenda, akaja na habari: wazee wa kwao wanataka kupokea wageni kama vijiji vingine vya mlimani vilivyoanza kufanya. Maporomoko wanayo, na kanisa la zamani lenye kengele iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani wanalo. Walichokosa ni mtu wa kuongea na wageni Kiingereza. Shangazi akatoa sindano mdomoni. "Nakupa mwaka mmoja," akasema. "Wageni wasipokuja, cherehani inakungoja hapa barazani." Niliichukia cherehani ile kwa moyo wangu wote. Nikapanda mlimani nikiwa na begi moja na kamusi.

Walinipa malazi kwa Mama Anasia, mjane mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye aliniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso. Nililala kitanda kimoja na binti yake Anasia, tuliyelingana naye umri, katika chumba cha mbao kilichonuka kahawa kwa sababu magunia yalipangwa hadi usawa wa dirisha. Asubuhi ukifungua dirisha lile, kama mawingu yamekubali, Kilimanjaro ilikuwa pale kwa mbali, na Anasia aliizoea kiasi kwamba aliniambia, "Funga, baridi inaingia." Jiko lilikuwa nyumba ya peke yake, kuta za mabanzi yenye nyufa, moshi ukitoka kila upande. Nilijifunza kula loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, chakula nilichokikunjia uso siku ya kwanza na ambacho leo nikiota nimerudi ujana, ndicho ninachokula ndotoni. Wao walikuwa Walutheri wa tangu mababu, mimi Zaituni, mtoto wa Kiislamu. Wiki ya kwanza Mama Anasia alitaka kunichinjia kuku wa kunikaribisha. Akamfunga miguu, akamchukua kwapani, akateremka naye hadi barabarani kwa muuza duka Mwislamu ili amchinje, akapanda tena kilima chote na kuku wake. Nilipomwambia asingejisumbua, alinijibu, "Nimpike kuku halafu umwangalie? Huyo atakuwa kuku wa maonyesho." Tangu siku hiyo nikamwita mama, na sikupanga kumwita hivyo, ilitoka tu.

Tatizo la Nkoasenda nililijua siku ya tatu. Njia nzuri ya kwenda maporomoko ilikatiza shamba la Mzee Aminiel, na Mzee Aminiel alikuwa ameifunga. Kulikuwa na njia nyingine, lakini hiyo ilikuwa ya mbuzi na mbega. Mzee Aminiel alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Baba Anasia, na ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji, mgawaji wa zamu za maji. Baba Anasia alipofariki, siku za msiba zikiwa hazijaisha, mzee alitoa zamu ya mjane akampa mtu mwingine, kwa hoja kwamba nyumba yenye msiba haishiki jembe. Nyumba haikushika jembe, ni kweli, lakini miche ya kahawa haikujua habari za msiba. Ilikauka yote, miche ambayo mume na mke waliipanda pamoja, ya mwisho kuipanda pamoja. Mama Anasia akasimama kwenye mkutano wa watu wa mfereji akasema mbele ya wote kwamba shemeji yake amemnyang'anya maji. Mzee akaona amevuliwa nguo hadharani na mke wa mdogo wake. Kesho yake akaweka miiba kwenye njia. Tangu hapo walikaa jirani, ua mmoja tu katikati, wakisemeshana kupitia mifugo. Mzee aliweza kumwambia ng'ombe wake kwa sauti kubwa, "Sogea wewe, kuna watu wanataka kupita na kiburi chao," naye Mama Anasia akamwambia mbuzi, "Kula, mwanangu, wewe huna shamba la kujidai." Wazee wengine hawakuingilia. Shamba ni la mtu, walisema, na ugomvi wa ndugu haumalizwi na kikao.

Na mimi, mgeni mwenye kamusi, nikaongeza chumvi kwenye kidonda. Ilikuwa mchana wa joto, nzi wengi, natoka kanisani kusoma maandishi ya kengele. Njiani nikaona mmea uliopandwa mstari kwenye mpaka wa mashamba, majani marefu, ya kijani, mazuri. Nikakata moja la kujipepea. Nikaona ajabu: kila niliyekutana naye alinipisha. Mama mmoja akashusha mzigo wa majani ya ng'ombe akaniuliza kwa huruma, "Umemkosea nani, binti?" Nikacheka, nikasema sijamkosea mtu. Mwingine akasema, "Nenda, nenda tu, Mungu atakusaidia." Nikapita mbele ya nyumba ya Mzee Aminiel, nikamwona mzee amekaa barazani bila shati. Aliponiona akasimama ghafla akaingia ndani. Nikasema moyoni, huyu hata salamu hataki. Nilisimama kidogo kivulini kwenye ua wake nikijipepea nzi, nikaendelea na safari. Nilipofika nyumbani Anasia aliniona akashika kichwa kwa mikono miwili. "Zaituni! Hilo ni sale!" Ndipo nikaelezwa kile ambacho kila mtoto wa Meru anakijua. Sale ni mmea wa mpaka na wa amani. Ukibeba jani lake mkononi ukaenda kwa mtu mliyekosana, umekwenda kuomba mapatano, naye hata akiwa na hasira ya simba hawezi kukufukuza. Halichumwi kwa mchezo, wala halipungiwi nzi. Na mimi, mtu wa nyumba ya Mama Anasia, nilikuwa nimelibeba mbele ya watu wote, mpaka mlangoni kwa Mzee Aminiel, halafu nikapita zangu. Jioni ile miiba njiani iliongezeka ikawa kimo cha mtu.

Mwaka ukaenda. Masika yakaja, tukawa tunaishi na matope. Mimi na Anasia tulifanya mazoezi ya wageni: yeye alivaa kofia ya marehemu baba yake, akajipaka unga usoni, akawa mzungu, na mimi nikamtembeza. "What is this?" aliniuliza akionyesha mgomba, na nilipomjibu akasema, "And this?" akionyesha mgomba wa pili, na wa tatu, mpaka tukaanguka kwa kicheko. Tuliwatembelea wazee wa kike ili nipate historia. Mmoja wao, aliyekuwa karibu haoni tena, alitusimulia alivyokuwa binti mdogo wakati wakoloni walipowahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, jinsi moto ulivyoshika nyumba na ng'ombe walivyokataa kuondoka, akaniambia, "Hilo uwaambie hao wageni, usiwaambie habari za maua tu." Niliahidi na ahadi hiyo niliishika. Bwana mmoja wa mjini aliyekuwa anapanga safari za wageni alifika baridi ilipokuwa kali, amevaa viatu vyeupe. Akapenda kengele, akapenda loshoro, akauliza maporomoko. Tukampeleka kwa njia ya mbuzi. Kabla hatujafika aliteleza akakaa kwenye matope, viatu vikawa si vyeupe, akasema kwa adabu kwamba wageni wake wengi ni watu wazima, na kama njia haitapatikana kabla ya Septemba atawapeleka kijiji kingine upande wa pili wa mlima. Usiku ule nilikunja nguo zangu nikazikunjua. Nilisikia sauti ya cherehani toka Kaloleni, wallahi niliisikia.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya jiko nikichagua mawe kwenye mahindi, nikamsikia Mama Eliakimu akiingia. Huyu alikuwa mke wa Mzee Aminiel. Wanaume wanaweza kununa, lakini chumvi ikiisha imeisha, naye alikuwa na kawaida ya kupita nyuma kwenye migomba kuja kuazima. Walikaa wakamenya ndizi za mtori, na nyufa za mabanzi zikaniletea kila neno.

"Binti yako wa mjini yupo?" Mama Eliakimu aliuliza.

"Huyo? Ameenda mtoni." Sikuwa nimeenda mtoni, lakini sikuona haja ya kumsahihisha.

"Unakumbuka siku ile alipopita na jani?"

"Usinikumbushe aibu ile, mama."

"Sikukumbushi aibu. Nakwambia usichokijua. Mzee alikuwa pale mbele bila shati. Akamwona kwa mbali. Akaingia ndani mbio, na goti lake lile bovu, nikadhani ameona nyoka. Namfuata chumbani namkuta anahangaika na vifungo. Alivaa koti, Mama Anasia. Lile la kanisani."

Kisu cha Mama Anasia kikanyamaza. "Koti?"

"Koti. Na jua lile. Akaniambia, weka maziwa tayari, jani la shemeji linakuja. Anatoka nje, binti anafukuza nzi. Akakaa chini na koti lake mpaka jioni."

"Na wewe siku zote hizi hukuniambia?"

"Uliniuliza? Mlikuwa mnaongea na mbuzi."

Mtori wa siku ile uliungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye nyumba ile. Mama Anasia hakula. Alikaa kwenye kigoda akitazama moto, na mara moja akatabasamu peke yake, akaacha. Asubuhi, baada ya kukamua, akavaa kitenge chake cha ibada akaniita. "Zaituni, kakate jani la sale. Chagua zuri, lisilo na doa. Na safari hii usifukuzie nzi." Anasia alimwaga chai. "Mama! Wewe huna kosa! Baba mkubwa ndiye aliyekosa, kila mtu anajua, hata yeye anajua!" Mama Anasia alikuwa anafunga kilemba chake bila haraka. "Kosa sina," akasema. "Nimekaa na kutokosa kwangu tangu baba yako azikwe, na hakujanimwagilia hata mche mmoja. Yule mzee alivaa koti, Anasia. Mtu akishavaa koti hutakiwi kumwacha asimame juani." Akanitazama na mimi. "Na huyu asipopata njia, atarudishwa mjini akashone. Hebu mwangalie mikono, atawashonea watu nguo za balaa." Alicheka, lakini jani alilipokea kwa mikono miwili.

Tulitembea, yeye mbele, sisi wawili nyuma. Watu walitupisha na hakuna aliyeuliza chochote. Mzee Aminiel alikuwa kwenye kahawa akipogoa, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Alimwona shemeji yake akiingia getini na jani kifuani, mkasi ukamtoka mkononi. Hakukimbia safari hii. Aligeuza tu kichwa kuelekea nyumbani akapiga kelele kwa sauti iliyokatika katikati, "Mama Eliakimu! Lete koti!" Basi tukasimama, Mama Anasia na jani lake, mzee na matope yake, wote wakingoja koti, na hakuna aliyethubutu kucheka ingawa Anasia alikuwa ananifinya mkono. Koti likaja. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, kisha akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Hili ningelileta mimi," akasema.

"Ningekungoja mpaka lini, shemeji? Wewe mzito."

"Miche ile..."

"Miche ilishakauka. Tutapanda mingine."

Mzee alifuta uso kwa mkono wa koti, akasingizia jasho. Tulikunywa maziwa wote kutoka kibuyu kimoja. Kisha akachukua panga, akaenda kwenye ile njia kuondoa miiba, na vijana walipokuja kumsaidia akawafukuza. Alisema aliyeiweka ndiye anayejua ilivyolala. Zamu ya maji ilirudi wiki ileile, na Mama Anasia alisimama kwenye mfereji wake peku, maji yakimpita miguuni, muda mrefu kuliko bustani ilivyohitaji.

Wageni wa kwanza walikuja Septemba, mke na mume wazee, walimu wastaafu kutoka mbali. Mzee Aminiel aliwangoja penye kona ya shamba lake, na koti, bila shaka, na hakuwaruhusu kupita mpaka walipoweza kusema shikamoo ikasikika. Niliwaonyesha kengele. Niliwaambia habari za Engare Nanyuki kama nilivyoahidi, na yule mama mgeni akanishika mkono. Halafu tukashuka hadi maporomoko. Nilikuwa nimekariri ukurasa mzima wa Kiingereza juu ya maji yale, jinsi yanavyotoka msituni, jinsi wazee walivyoomba mvua pale. Tulipofika, maji yakianguka kwenye mwamba mweusi na manyunyu yakitupiga usoni, kila neno likanikimbia. Nilisema tu, "Here." Wakaelewa. Nyuma yangu Anasia alikuwa analia na kucheka pamoja, kwa sababu alikuwa hajafika pale tangu alipokuja na baba yake. Shangazi yangu, kwa taarifa yenu, aliipa ile cherehani msichana mwingine, na msichana huyo alishona vizuri sana.

Mimi nilirudi mjini mwaka ulipoisha nikiwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Anasia alibaki kutembeza wageni wa Nkoasenda, nami nikawa ninawaleta. Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka maneno ya watu yalipotuingilia.

Jumamosi ya mazishi jua lilikuwa kali, si jua la mlimani hata kidogo. Njia ya maporomoko sasa ina ngazi na kibao. Mzee Aminiel alishalala siku nyingi kwenye shamba lake la juu, masale kwenye pembe nne za kaburi. Nilimwona Anasia mbele, kando ya jeneza, amezeeka vizuri kama mama yake, na hakunitazama. Au alinitazama nilipokuwa sitazami, maana na mimi nilifanya hivyo hivyo. Tulizika. Watu wakala. Nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakinong'ona, "Huyo ndiye Zaituni. Hata leo hawatasalimiana?" Nikawaza niondoke kabla boda boda hazijapanda bei. Nikawaza pia kwamba sina kosa, na kila nilipowaza hivyo nilimsikia mwanamke tuliyemfukia muda mfupi uliopita akifunga kilemba bila haraka.

Nikaenda mpakani mwa shamba. Nikachagua jani zuri, lisilo na doa. Magoti yangu si ya kidato cha sita tena, nilitembea polepole, jani kifuani, na watu wakaanza kunipisha. Walinipisha wale wanawake wawili wanong'onaji, walinipisha vijana waliokuwa wanabeba viti, hata mchungaji akasogea na sahani yake. Anasia alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Akainua macho akaniona. Akaona mkono wangu. Akasimama, akageuka, akaingia ndani ya nyumba.

Nilisimama uani. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nzi mmoja akaja akatua kwenye shavu langu. Sikumfukuza.

Mlango ukafunguka. Anasia alikuwa amevaa koti zito la baridi la mama yake, kwenye jua lile, na alikuwa bado anahangaika na kifungo cha mwisho.